Shajara ya mradi: kutafuta kasi ya shata ya mkono wangu

Siku ya 1

Mradi huu umezaliwa na picha moja iliyoharibika. Bibi yangu alikuwa amekaa kando ya dirisha, mtu akasema neno, bibi akaangua kile kicheko chake cha kurusha kichwa nyuma, nami nikabonyeza. Kwenye skrini ndogo ya kamera picha ilionekana safi. Nilipoifungua kwenye kompyuta, uso ulikuwa umepakazwa kama rangi mbichi iliyopitishiwa kidole. Bibi aliitazama akasema, "Mjukuu wangu, hapa nimekuwa moshi." Hakunilaumu, lakini imeniuma.

Taarifa za picha ni hizi: lenzi ya milimita 85, kasi ya shata 1/30 (yaani mlango wa mwanga ulikaa wazi sehemu moja ya thelathini ya sekunde), tundu la lenzi f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ISO 400 (kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga), kituliza mtikisiko kimewashwa. Hukumu yangu ya haraka ni kwamba mkono ulitikisika. Basi nimejipa wiki tatu za kuujua mkono wangu: kwa kila lenzi niliyonayo, naweza kushuka hadi kasi gani nikiwa nimeshika kamera mkononi na bado nikapata picha kali? Ninaposema kali nina maana kwamba nikiikuza hadi asilimia 100 kwenye skrini, kope zinahesabika.

Kamera yangu ina kitambuzi, yaani kibamba kinachopokea mwanga, cha milimita 36 kwa 24 chenye pikseli (vitone vinavyounda picha) milioni 24. Lenzi ni tatu: ya 50, ya 85, na zumu ya 70 hadi 200.

Siku ya 2

Leo sikupiga picha hata moja, nilikaa na karatasi na kalamu.

Kila aliyejifunza kamera ameisikia kanuni ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi, yaani zile milimita zinazoitambulisha. Ukiwa na lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya 1/50. Ukiwa na ya 200, usishuke chini ya 1/200. Kitambuzi kikiwa kidogo, urefu unauzidisha kwanza: mara 1.5 kwa kamera nyingi zenye kitambuzi cha ukubwa uitwao APS-C, mara 1.6 kwa zile za Canon, mara 2 kwa zenye kitambuzi kidogo zaidi kiitwacho Micro Four Thirds.

Kanuni hii imewafaa watu wengi, lakini ni ya enzi za filamu ya milimita 35, wakati picha ilichapishwa kwenye karatasi ya kushika mkononi. Mtikisiko mdogo ulikuwepo, ila hakuna jicho lililouona. Picha yangu ina upana wa pikseli 6000. Kuitazama kwa asilimia 100 kwenye skrini ya kawaida ya kompyuta ni sawa na kusimama pua kwa pua na bango la zaidi ya mita moja na nusu.

Nikaendelea na hesabu. Pikseli moja ya kamera yangu ina upana wa mikromita 6. Kwa lenzi ya milimita 50, pikseli hiyo inafunika milimita 1.2 ya ukuta ulio mita 10 mbele yangu. Kwa hiyo kamera ikigeuka kiasi cha kusogeza shabaha yake milimita 1.2 tu pale ukutani wakati shata iko wazi, tayari mtikisiko umevuka pikseli nzima. Kwa lenzi ya 200 ni milimita 0.3, unene wa uzi. Sikuwahi kulifikiria jambo hili kwa vipimo vinavyoshikika namna hii, na sasa naelewa kwa nini lenzi ndefu haina huruma.

Siku ya 3

Nimebandika ukurasa wenye maandishi madogo ukutani, nimesimama mita 3, lenzi ya 50, kituliza nimekizima. Picha 10 kwa kila kasi, na baada ya kila picha nashusha kamera na kuinyanyua upya ili nisijidanganye. Zilizotoka kali:

1/250: zote 10
1/125: 9
1/60: 6
1/30: 3
1/15: 1

Nilitegemea nipate mpaka: juu yake picha zote nzima, chini yake zote zimeharibika. Kumbe ni mteremko. Pale kwenye 1/60, ambako kanuni inaniahidi usalama, nakosa picha nne kati ya kumi. Na kule kwenye 1/15, ambako nisingethubutu, imo moja kali kama imepigwa kwenye stendi.

Siku ya 5

Hili ndilo jaribio ninalompendekezea kila mtu mwenye kamera, halihitaji chochote cha ajabu.

Nilichukua kipande cha karatasi ya aluminiamu, nikakitoboa kwa ncha ya sindano, nikaweka tochi nyuma yake na kuzima taa zote. Kilichobaki mbele yangu ni nukta moja ya mwanga gizani. Nikaweka fokasi juu yake, kasi 1/8, lenzi ya 50, kituliza kimezimwa, nikapiga. Kamera ikitulia, nukta inabaki nukta. Ikitikisika, nukta inachora njia yote iliyopita mkono wako, kama konokono anavyoacha ute.

Picha ya kwanza ilichora kitu kama mkato wa kuandikia: kichwa kinene, halafu mkia mwembamba unaopanda juu kidogo kwa pembeni. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Kama ni kutetemeka tu, mistari ingekwenda ovyo, lakini hii yote ilipanda. Nilichukua muda kuelewa: nukta ikipanda kwenye picha, maana yake kamera imeinama. Na kamera imeinama kwa sababu kidole changu kinaibofya chini. Miaka yote nimekuwa nikikichapa kitufe.

Nikabadilisha namna ya kubonyeza. Sasa kidole nakilaza juu ya kitufe, nakibonyeza nusu na kusubiri, kisha naongeza uzito taratibu kana kwamba nakamua tone la mwisho, bila kukiinua baada ya mlio. Viwiko nimevibana kwenye mbavu, kiganja cha kushoto kimelala chini ya lenzi, uso umeegemea kamera. Pumzi natoa nusu, nabonyeza katika ule utulivu kabla ya kuvuta nyingine. Mkia ukafupika. Baada ya picha kama arobaini ulikuwa umebaki kinundu tu, na mara chache nukta yenyewe, duara dogo safi. Nilifurahi peke yangu gizani.

Siku ya 6

Nimerudia ukurasa wa ukutani kwa ubonyezaji mpya. 1/60 imetoka 6 hadi 9. 1/30 imetoka 3 hadi 6. Hakuna kifaa kilichoongezwa, ni kidole tu.

Siku ya 8

Lenzi ya 200, kituliza kimezimwa. Kwa 1/200 nimepata 5, kwa 1/500 nimepata 9. Kwa hiyo katika lenzi ndefu kanuni yangu binafsi ni kuzidisha mara mbili au zaidi: 1/400 ndipo naanza kuamini.

Nikajaribu na kupiga mfululizo. Kama kwa kasi fulani napata 3 kati ya 10, uwezekano wa kukosa picha moja ni 0.7. Nikipiga tano mfululizo, uwezekano wa kuzikosa zote ni 0.7 mara yenyewe hadi mara tano, karibu 0.17. Kwa hiyo nina nafasi kama 83 katika 100 ya kupata angalau moja kali. Mkononi ilikuja vizuri kuliko hesabu, kwa kuwa picha za katikati hazina tukio la kubonyeza wala la kuachia. Mara nyingi iliyo bora ilikuwa ya pili au ya tatu.

Tatizo jingine dogo lilijitokeza: hata mkono ukitulia, kati ya 1/60 na 1/125 baadhi ya herufi zilikuwa na kivuli maradufu kwa juu na chini. Ule ni mshtuko wa pazia la shata lenyewe. Nimewasha pazia la kwanza la kielektroniki, ili picha ianze bila pazia halisi kusogea, na kivuli kimetoweka.

Siku ya 9

Nimepanda ngazi mbio hadi juu, nikapiga papo hapo kwa 1/125 na lenzi ya 85. Nne tu kati ya kumi. Nimesubiri dakika tatu, nimepata nane. Sasa kipimo changu kina sharti: nimetulia, sijakimbia, sijachoka.

Siku ya 11

Kituliza mtikisiko, hatimaye. Lenzi ya 85, ukurasa uleule. Kikiwa kimezimwa, 1/125 inanipa 8. Kikiwa kimewashwa napata 8 hizohizo hadi 1/15. Kutoka 125 kwenda 60, 30, hadi 15 ni hatua tatu kamili, kila hatua ikiongeza muda wa shata mara mbili. Watengenezaji huahidi zaidi, na vipimo vyao vina utaratibu wake, lakini hatua tatu za uhakika mkononi mwangu zinanitosha kupanga kazi.

Halafu nikasita. Kwa 1/30, kasi ileile ya picha ya bibi, kwa lenzi ileile, kituliza kikiwa kimewashwa vilevile, picha zote kumi zimetoka kali.

Zote kumi.

Siku ya 12

Nimeifungua tena picha ya bibi. Mara hii sikutazama uso kwanza. Nimeanza na kiti: mishipa ya mbao kwenye mkono wa kiti inaonekana uzi kwa uzi. Mshono wa begani mwa gauni lake, kila pigo la sindano liko mahali pake. Kama mkono wangu ungetikisika, hivi navyo vingepakazwa, maana kamera ikitikisika hakuna inachobagua.

Nikakuza jicho. Ndani ya mboni kuna ile nuru ndogo ya dirisha. Ingekuwa fokasi imekosea, nuru hiyo ingevimba na kuwa duara laini. Lakini hii imevutika ikawa kistari, na kistari kinaelekea nyuma na juu, njia ileile ambayo kichwa chake kilipita alipocheka.

Mkono wangu haukuwa na kosa. Bibi alikuwa anasogea. Siku kumi na moja nimeupima mkono nikidhani ndiko uliko ugonjwa.

Sijutii, kwa kuwa ubonyezaji nimeujua na utabaki nami. Lakini nimebandika karatasi mezani yenye maswali ya kuuliza kila picha iliyoharibika kabla ya kulaumu chochote. Je, vitu vyote vimepakazwa upande mmoja? Kamera ilitikisika. Je, vilivyotulia ni vikali na kilichohai kimepakazwa? Kasi ilikuwa ndogo kwa kile nilichopiga. Je, kuna kitu kingine mbele au nyuma kilicho kikali kuliko nilichokusudia? Fokasi ilikwenda kusiko.

Siku ya 13

Kituliza kinatuliza kamera tu, hakiwezi kumtuliza mtu. Maneno haya nimeyasoma mara nyingi bila kuyasikia. Ubaya wake ni kwamba kituliza kinakupa ujasiri wa kushuka hadi 1/30 au 1/15, na ukishafika huko mtu aliye hai hawezi kukufuata.

Historia ina mfano ambao leo umenikaa kichwani. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple, Paris, kutoka dirisha la juu la jengo. Barabara ilikuwa na pilikapilika, lakini kwenye picha ni tupu. Mwanga ulihitaji dakika kadhaa kuchora bamba, na kila aliyekuwa anatembea alifutika kabisa. Aliyebaki wazi ni mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu, kwa kuwa alitulia muda wa kutosha. Kamera ya Daguerre haikutikisika hata kidogo.

Nikafanya hesabu ya bibi. Tuseme kichwa kilisogea sentimita 10 kwa sekunde, mwendo wa polepole tu. Alikuwa mita 2 kutoka kwangu. Kwa lenzi ya 85, kwenye kitambuzi huo ni mwendo wa karibu milimita 4.4 kwa sekunde. Kwa 1/30, kichwa kilivuka milimita 0.147, yaani pikseli 24. Kope haina unene huo. Kwa 1/250 kingevuka pikseli 3, kwa 1/500 moja na nusu.

Kwa mtu anayetembea, mita 1.4 kwa sekunde, akikatiza mbele yangu kwa mita 5, lenzi ya 50: kwa 1/60 anavuka pikseli kama 39. Kwa 1/500 bado ni karibu 5. Akija moja kwa moja kuelekea kwangu, mpakazo ni mdogo zaidi, kwa sababu umbo linakua badala ya kuhama. Ndiyo maana nikiwa na mwanga haba sasa nitatafuta kusimama mbele ya mtu, si ubavuni mwake.

Lenzi fupi nayo siyo kimbilio. Ukimsogelea ili ajaze picha kama alivyoijaza kwenye lenzi ndefu, mwendo wake kwenye kitambuzi unakuwa uleule. Kanuni ya urefu wa lenzi inahusu mkono. Kwa mtu anayesogea lazima utumie hesabu nyingine kabisa.

Siku ya 15

Kasi kubwa ina adui wake ndani ya nyumba: taa. Umeme wa hezi 50 hufanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde, ule wa hezi 60 mara 120. Jicho halioni. Nimepiga mfululizo kwa 1/500 chini ya taa ya mrija: moja angavu, inayofuata giza na rangi ya njano, nyingine ina mkanda wa kivuli. Kwa 1/100 zote zimefanana. Kwa hiyo chini ya taa za namna hiyo kwenye umeme wa hezi 50 nitabaki 1/100 au 1/50, au nitamsogeza mtu dirishani. Shata ya kielektroniki pekee nimeiacha: inasoma kitambuzi mstari baada ya mstari, na mkono unaopunga umetoka umepinda hata kwa 1/2000.

Siku ya 17

Leo nimepambana na woga wangu wa ISO.

Kutoka 1/30 hadi 1/250 ni hatua tatu: 60, 125, 250. Kila hatua inakata mwanga nusu. Ili picha ibaki na mwanga uleule, ISO 400 inakuwa 800, 1600, kisha 3200. Naweza kufungua tundu kutoka f/2.8 hadi f/2 nipate hatua moja bila kugusa ISO, lakini kwa lenzi ya 85 na mita 2, kina kinachoonekana kikali kwenye f/2 ni kama sentimita 6 au 7 tu. Mtu anayerusha kichwa nyuma anatoka humo mara moja. Nimeamua kubaki f/2.8.

Nimempiga ndugu yangu dirishani mara mbili. Moja kwa 1/30 na ISO 400, akizungumza. Nyingine kwa 1/250 na ISO 3200, akizungumza vilevile. Ya pili ina chembechembe, hasa kwenye kivuli cha shingo. Nimezichapisha zote mbili kwa ukubwa wa karatasi ya A4. Kwa umbali wa mkono, chembechembe sizioni nisipozitafuta, lakini midomo iliyopakazwa kwenye ile nyingine naiona kutoka upande wa pili wa chumba. Chembechembe programu inaweza kuzipunguza. Kope ambayo haikunaswa, hakuna programu itakayoijua ilikuwa wapi.

Nilichokuwa naogopa miaka yote ni ISO, na kwa woga huo nimepoteza nyuso za watu.

Siku ya 19

Nimeweka mipangilio. Kwa vitu visivyosogea: lenzi ya 50 na ya 85 hadi 1/30 nikiwa na kituliza, nikishuka hapo napiga tano mfululizo. Kwa mtu aliyekaa na kuongea, 1/250. Mtu anayetembea, 1/500. Watoto wanaocheza, 1/1000, na hapo kituliza nakisahau.

Ya watu nimeikabidhi kwa ISO ya otomatiki: nimeweka kasi ya chini isiyovukwa 1/250 na ukomo wa ISO 6400. Kamera ikikosa mwanga, inapandisha ISO kwanza. Awali nilikuwa nimeiacha ijichagulie kasi ya chini yenyewe, na ilichagua kwa kufuata urefu wa lenzi. Haiwezi kujua kwamba mbele yake kuna bibi anayecheka.

Siku ya 21

Nimerudi kwa bibi, kiti kilekile, dirisha lilelile, mchana wa mawingu. Lenzi ya 85, 1/250, f/2.8, na kamera ikachagua ISO 3200. Sikumwomba acheke. Tuliongea tu, kamera iko usoni, kidole kimelala juu ya kitufe, nimekibonyeza nusu. Kicheko kikaja, kichwa kikaenda nyuma, nikakamua. Picha sita.

Ya kwanza macho yamefumba. Ya tatu ndiyo yenyewe. Kope zinahesabika, mikunjo ya pembe za macho imesimama moja moja, nuru ya dirisha kwenye mboni ni dirisha kweli, lenye mstari wa katikati. Kiganja chake cha kulia alichokuwa anakipiga gotini kimepakazwa. Kwa 1/250 kiganja kinachopiga hakinaswi, ningehitaji 1/1000 na ISO mara nne ya hiyo. Nimekipenda kilivyo.

Nimeichapisha jioni nikampelekea. Aliisogeza dirishani, akaishika karibu na uso, akaitazama muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza kama naweza kutoa nyingine, ampelekee mdogo wake. Naitoa kesho asubuhi.